Uani Petu: Kuku Aliyeumwa na Mbwa



Juma hili tunaweka kando habari ya bustani ya mboga tuliyowaahidi, maana tumepata barua isiyoweza kungoja. Yatoka kwa mama mmoja akaaye karibu na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Aandika hivi:

"Mtoto wangu wa kiume, mwenye miaka tisa, alipewa na bibi yake kuku jike siku ya komunyo yake ya kwanza. Kuku huyo ameangua mara mbili, na kwa bei ya vifaranga wake tulinunua madaftari ya shule. Jumamosi jioni mbwa tusiyemjua mwenyewe aliingia uani akamkamata mgongoni. Mtoto alikimbia akamnyang'anya. Kuku yu hai, lakini ana matundu mawili chini ya bawa, na ngozi ya mgongo imechanika. Mume wangu asema tumchinje, maana kuku ni kuku. Mtoto alia, hataki kula. Je, jeraha la kuku laweza kupona nyumbani? Tena, si vibaya kutumia sabuni na asali kwa ajili ya kuku, nasi wenyewe hatuna vingi? Mtoto naye alikwaruzwa kidogo mkononi na jino la mbwa, lakini si kitu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuiache barua mezani na kuitafuta simu. Hatukungoja gazeti litoke.

Kwanza mtoto

Akina baba na akina mama, sikilizeni vema. Jino la mbwa asiyejulikana likikwaruza ngozi ya mtu, hata kidogo, hata pasipo damu nyingi, hilo ni jambo kubwa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ungali katika nchi yetu. Hupita katika mate ya mnyama na kuingia katika mwili kwa njia ya jeraha. Hukaa kimya kwa majuma, pengine kwa miezi, na mara dalili zake zinapoanza, karibu hakuna aponaye. Lakini kabla ya dalili kuanza, kinga ipo, nayo ni ya hakika ikitolewa mapema na kwa utaratibu.

Basi, mtu akiumwa au akikwaruzwa, oshe jeraha lake kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15, pasipo kuharakisha. Kisha aende siku hiyo hiyo katika kituo cha afya na kuomba sindano za kinga. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Asiweke majani, wala pilipili, wala unga wa betri juu ya jeraha. Hata zikiwa zimepita siku kadhaa, aende tu. Kuchelewa si sababu ya kukaa nyumbani.

Mama huyo alifanya hivyo mara tulipomwambia. Mtoto amepata sindano ya kwanza, na nyingine zitafuata kwa siku alizopangiwa. Tunamwomba asiache hata moja, ijapokuwa mtoto anacheza na kucheka kama kawaida.

Tena mtu asimshike kuku aliyetoka kinywani mwa mbwa kwa mikono mitupu, maana manyoya yaweza kuwa na mate ya mbwa bado. Avae mfuko safi wa plastiki mikononi ikiwa hana glavu, naye aliye na jeraha mkononi asimguse kabisa. Watoto wakae mbali mpaka kuku ameoshwa.

Sasa ndipo tuje kwa kuku.

Achinjwe au auguzwe?

Neno la baba wa nyumba si neno la upumbavu. Yako majeraha yasiyofaa kuuguzwa. Kuku ambaye matumbo yake yametoka nje, au ambaye mfupa wa paja umevunjika na kutokeza nje ya ngozi, au ambaye amelala ubavu akihema kwa kinywa wazi na hawezi kuinua kichwa, huyo tusimtese. Auawe upesi, kwa kisu kikali na mkono wa mtu mzima aliyezoea. Lakini akiwa ameumwa na mbwa wa kushukiwa kichaa, nyama yake isiliwe. Azikwe katika shimo refu, asitupwe mtoni wala jalalani.

Lakini kuku asimamaye, ashikaye kichwa chake juu na kunywa maji, huyo ana nguvu ya kupona kuliko watu wengi wanavyofikiri. Ngozi ya kuku ni nyembamba kama karatasi nayo huchanika upesi, lakini nyama iliyo chini yake hujenga upya kwa bidii. Tumeona mgongo uliochunwa upana wa kiganja ukifunga katika majuma matatu au manne, na manyoya yakaota tena. Dawa kubwa ilikuwa usafi na uangalizi, kila siku, asubuhi na jioni.

Saa ya kwanza

Mtoe kuku mbali na wenzake mara moja. Kuku ni wema kwa vifaranga vyao, lakini wakiona rangi nyekundu juu ya mwenzao humdonoa, na waliokuwa ndugu asubuhi wataweza kumwua kabla ya jua kutua.

Mweke katika tenga au sanduku lenye nyasi kavu, mahali penye giza kidogo, pasipo kelele, pasipo upepo. Kuku mwenye afya ana joto la nyuzi 41 hivi, kupita letu. Aliyepotewa na damu hupoa upesi, na wengi hufa usiku wa kwanza kwa baridi na hofu, si kwa jeraha lenyewe. Chupa yenye maji ya moto, iliyofungwa katika kitambaa na kuwekwa kando yake, imeokoa kuku wengi.

Mpe maji ya kunywa, yenye sukari kidogo kwa saa chache za kwanza. Lakini usimmiminie kinywani. Mlango wa pumzi ya kuku uko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yatamiminika mapafuni. Chovya ncha ya mdomo wake tu. Akitaka atakunywa mwenyewe.

Damu ikitoka, tazama usichelewe. Kuku mwenye uzito wa kilo moja na nusu ana damu yapata mililita 100 tu mwilini mwake mwote. Hiyo haijai kikombe cha chai. Kunja kitambaa safi, kandamiza juu ya jeraha dakika tano kamili, pasipo kuinua-inua ili kuchungulia. Ikiwa ni ukucha au ncha ya undu inayotoka damu, unga laini mkavu ukishindiliwa pale husaidia damu kuganda. Lakini unga usitiwe katika jeraha lenye tundu.

Namna ya kumshika

Mfunge kuku katika kitambaa, mabawa yakiwa yametulia, kichwa nje, kisha funika macho yake, gizani hutulia. Mtu mmoja ashike, mwingine atibu. Usimbane kifuani. Kuku hana ule msuli utengao kifua na tumbo kama sisi. Hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Amshikaye kwa nguvu pale amemziba pumzi, naye atakufa mikononi mwake kimya kimya, na watu watasema amekufa kwa hofu.

Kisha tafuta majeraha yote, si lile moja unaloliona. Manyoya huficha mengi. Pulizia manyoya ili yafunguke, tazama chini ya mabawa yote mawili, mgongoni, mapajani, na karibu na mkia. Jino la mbwa hufanya tundu dogo juu, na chini yake ngozi imeachana na nyama upana mkubwa. Jino la paka ni baya zaidi, maana laweza kubeba mdudu yule yule aletaye kipindupindu cha kuku. Kuku aliyeumwa na paka ahitaji mganga wa mifugo hata kama jeraha ni dogo kama sindano.

Kata manyoya kuzunguka jeraha kwa mkasi. Usiyang'oe, kwa sababu ngozi itachanika zaidi. Usikate manyoya machanga yenye bomba jeusi au la samawati, maana ndani yake imo damu.

Kuosha

Chemsha maji dakika kumi, yaache yapoe katika sufuria yenye kifuniko mpaka yawe vuguvugu. Katika nusu lita tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Maji hayo hayachomi, nayo ni karibu na maji ya mwili wenyewe. Chukua chupa ya plastiki safi, toboa kifuniko chake kwa sindano iliyopitishwa motoni, jaza maji hayo na kuminya. Utapata mchirizi mzuri wa kuondoa udongo, manyoya na mate ya mbwa. Osha mpaka maji yatoke safi, hata kama ni chupa tatu.

Lakini angalia: mapafu ya kuku yameunganika na mifuko ya hewa iliyoenea mwilini. Ukiona tundu linatoa mapovu kila apumuapo, au ukisikia chini ya ngozi kitu kama hewa inayokwaruza chini ya kidole, mfuko mmoja umetobolewa. Usimimine maji katika tundu hilo. Safisha kando-kando tu kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, na mtafute mganga wa mifugo.

Usishone jeraha la meno. Ukilishona umefungia uchafu ndani. Liachwe wazi, lipone kutoka chini kuja juu.

Dawa zifaazo na zisizofaa

Dawa ya ayodini ya hospitali, ile ya rangi ya kahawia, yafaa ikichanganywa na maji yaliyochemshwa: sehemu moja ya dawa kwa sehemu kumi za maji, mpaka rangi iwe kama chai nyepesi. Ikiwa kali mno huunguza nyama changa.

Baada ya kuosha na kukausha polepole, asali safi ni dawa njema. Hukausha uchafu, huzuia wadudu wadogo wa ugonjwa, nayo huweka jeraha laini. Ipakwe kidogo, kisha ifunikwe kwa kitambaa chepesi, kwa sababu huita siafu na nyuki. Miguu ya meza au ya tenga iwekwe katika mikebe yenye maji, na siafu hawatapanda.

Dawa ya zambarau tuliyoizoea tangu zahanati za misioni za zamani, twashauri isitumike tena kwa kuku wa kuliwa. Siku hizi wataalamu wameona ina hatari kwa wale walao nyama na mayai, na nchi kadhaa zimeikataza kwa mifugo ya chakula.

Wala usitumie petroli, mafuta ya injini, unga wa betri, samadi, tumbaku, wala majivu. Pia usimpake kuku marhamu ya watu ya kutuliza maumivu ambayo jina la dawa yake laishia kwa "kaini", kama lidokaini au benzokaini. Kipimo kilicho kidogo kwa mtu ni kikubwa kwa ndege, nacho chaweza kusimamisha moyo wake.

Habari ya vidonge vya antibiotiki: msinunue sokoni kwa kubahatisha. Mganga wa mifugo ndiye wa kusema ni dawa gani na kiasi gani. Naye kuku akipewa dawa hizo, mayai na nyama yake visiliwe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa katika karatasi ya dawa zimekwisha. Kumwuzia jirani yai lenye dawa ni kumwuzia kitu chenye kasoro kwa siri.

Nzi

Mimi niandikaye haya nilijifunza kwa aibu. Miaka mingi iliyopita kuku wa nyumbani kwetu alichanwa na kicheche. Nilimwosha vizuri, nikampaka majivu kama nilivyoona wazee wakifanya, nikamfunga kitambaa na kujisifu. Siku tatu sikukifungua. Juu palikuwa pakavu. Siku ya nne kuku hakusimama, nami nilipofungua nilikuta mabuu ya nzi wamejaa chini ya majivu, wamekula mpaka mfupani. Hakufa kwa kicheche. Alikufa kwa sababu nilitibu siku moja nikaacha kutazama.

Kwa hiyo nakazia. Katika joto letu mayai ya nzi huanguliwa kwa siku moja, pengine kabla ya siku kwisha. Jeraha litazamwe mara mbili kila siku. Tenga lifunikwe kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Nyasi zenye mavi zibadilishwe kila asubuhi. Mkiona mabuu, watoeni mmoja mmoja kwa kibano safi, osheni kwa maji ya chumvi, mrudie jioni, maana daima hubaki wengine.

Dalili za kufahamu

Siku ya pili au ya tatu mtaona nyama na ngozi kando ya jeraha imekuwa ya kijani. Wengi huogopa na kusema, "Ameoza," wakamchinja bure. Sivyo. Damu iliyovilia chini ya ngozi ya kuku hugeuka kijani, kama yetu igeukavyo nyeusi na manjano. Haina harufu, nayo hupotea.

Uozo hujulikana kwa harufu mbaya, kwa joto na uvimbe unaozidi, na kwa kuku kukataa chakula. Tena fahamuni kwamba usaha wa kuku hautiririki kama wa mtu. Ni mgumu, wa manjano, kama jibini. Ukiona donge la namna hiyo katika jeraha, lazima litolewe, halitatoka lenyewe. Likiwa ndani sana, mpelekeeni mganga wa mifugo.

Jeraha linalopona huwa jekundu la kupendeza, lenye unyevu kidogo, na kingo zake husogeleana siku kwa siku.

Chakula cha mgonjwa

Mwili unaojenga nyama wataka chakula cha kujenga. Yai lililochemshwa na kupondwa, kumbikumbi, mchwa, maharage yaliyopikwa sana, ndagala wa ziwani. Lakini ndagala waliotiwa chumvi waoshwe na kulowekwa kwanza, maana chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Maharage mabichi pia ni sumu kwake. Majani mabichi yawepo, na maji safi daima.

Ngozi ikiisha kufunga, asirudishwe ghafula kati ya wenzake. Wekeni tenga lake uani siku chache ili waonane pasipo kugusana, kisha mfungulieni jioni wakati wa kuingia bandani.

Kisha tengenezeni banda. Kuku waliolala chini ya mti au jikoni penye mlango mbovu ni karamu ya fungo na nguchiro. Sakafu iinuliwe juu ya nguzo, na mianya isipitishe vidole viwili. Jogoo awe mmoja kwa majike kama kumi. Wakiwa wengi huchana migongo ya majike kwa kucha na vipi.

Je, ni vibaya?

Limebaki swali la mama juu ya sabuni na asali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha mambo mawili mahali pamoja, katika namba 2418: kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo lazima hakupatani na heshima ya mtu, na kwamba haifai vilevile kutumia kwa ajili yao fedha ambayo ingepasa kwanza kuondoa taabu ya watu. Mafundisho hayo mawili hayapigani. Ni kama baba na mama katika nyumba moja, kila mmoja akikumbusha alilosahau mwenzake.

Kwa hiyo, mama, maji yaliyochemshwa, chumvi ya kijiko kimoja, kitambaa kikuukuu na asali ya kidole havimnyang'anyi mtoto chakula. Vitumie kwa moyo mtulivu. Lakini kama ingekuwa lazima kuchagua kati ya nauli ya kwenda kituo cha afya na dawa ya kuku, kuku angengoja. Mtoto wako alitia mkono wake kinywani mwa mbwa kwa ajili ya mnyama aliyekabidhiwa. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, chamsifu mwenye haki ajaliye uhai wa mnyama wake. Mtoto huyo tayari ana mwanzo wa haki hiyo. Mfundisheni sasa sehemu ya pili: kwamba uhai wake mwenyewe ni wa thamani kupita kuku wote, na siku nyingine atwae fimbo na kuita watu wazima.

Katika simu ya mwisho mama alituambia kwamba kuku amesimama, amekula ndagala, na kwamba baba wa mtoto, yule aliyetaka kuchinja, ndiye aliyesuka kifuniko cha tenga. Tumefurahi. Lakini jeraha bado halijafunga, na sindano za mtoto bado hazijakwisha. Basi asubuhi na jioni, tazameni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudia bustani ya mboga.